Baba amepona moyo, lakini siye baba niliyempeleka hospitali

Shikamoo Mama Muuguzi,

Nakuandikia kutoka Tanga. Baba yangu ana miaka 74. Ni fundi seremala. Milango na vitanda vya nusu ya mtaa wetu vimetoka mikononi mwake. Mwaka jana alianza kuchoka ovyo. Msikitini ni mwendo wa dakika tano, lakini akawa anasimama mara mbili njiani kushika ukuta. Tukasema ni uzee. Halafu siku moja kijana anayejifunza kazi kwake akamkuta ameanguka karakanani, uso umejaa maranda, hajitambui. Alipozinduka akasema alikuwa anainua ubao tu.

Vipimo vya Dar es Salaam vikaonyesha valvu moja ya moyo, ile inayopitisha damu kwenda mwilini, imekakamaa kama jiwe. Madaktari wakasema dawa peke yake haitasaidia, ibadilishwe. Baba hakutaka. Alisema umri wake umeshakwenda, hela hizo tuwasomeshee wajukuu. Mimi ndiye niliyemlilia mpaka akakubali. Kaka zangu wawili walioko Muscat wakachanga, sisi wa hapa tukauza kiwanja. Baba akauliza jambo moja tu, kama valvu hiyo si ya nguruwe. Wakamwambia ni ya ng'ombe, akatia saini.

Sasa ni mwezi wa nne tangu apasuliwe. Kidonda kimekauka vizuri. Siku ya tatu baada ya upasuaji mapigo ya moyo yalivurugika, kwa hiyo bado anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na vidonge vingine viwili. Kliniki wanasema picha ni nzuri, valvu inafanya kazi. Lakini baba niliyempeleka siye niliyerudi naye. Anakaa kwenye kiti barazani tangu asubuhi hadi jioni. Chakula anasema hakina ladha. Usiku halali, mchana anasinzia. Wiki iliyopita nilimkuta analia anasikiliza taarifa ya habari redioni, mafuriko ya nchi ya mbali huko. Sikuwahi kumwona baba akilia, hata siku tuliyomzika bibi.

Tunamlinda kwa kila hali. Karakana tumeifunga, ufunguo ninao mimi. Kaka mkubwa alituma orodha kwenye kundi letu la WhatsApp: asibebe kitu, asitembee peke yake, asile mboga za majani kwa sababu ya ile dawa, wageni wasizidi wawili. Mama tumemhamishia chumba cha wajukuu ili baba apumzike bila kusumbuliwa.

Juzi nilimwambia, "Baba, tumshukuru Mungu umepona." Akaniangalia, akasema, "Kiti kikishatengenezwa hukaliwa, mwanangu. Nyie mmekitengeneza mkakifunika shuka." Kisha akaongeza, "Bora mngeniacha."

Tangu siku hiyo sili wala silali. Je, tulikosea kumlazimisha? Ndiyo atakuwa hivi mpaka mwisho?

Binti wa Fundi, Tanga

*

Marahaba mwanangu. Pole sana, na mpe pole baba, halafu mpe pole mama yako aliyehamishwa chumba. Nitamrudia huyo.

Nianze na kinachokunyima usingizi. Hamkukosea. Valvu ya namna hiyo ikishakakamaa kiasi cha kumwangusha mtu, haisubiri. Madaktari wawili wa Marekani, John Ross na Eugene Braunwald, waliandika mwaka 1968 kwamba mgonjwa wa valvu hii akishaanza kuzirai, asipobadilishiwa, wastani wa maisha yake ni kama miaka 3, na akishaanza kukosa pumzi kwa moyo kushindwa kazi ni kama 2. Mwaka 2010 ulitoka utafiti mwingine wa wazee wa wastani wa miaka 83 ambao hali zao hazikuruhusu wapasuliwe kifua. Wengine waliwekewa valvu kwa mrija kupitia mshipa wa paja, wengine wakabaki na matibabu ya kawaida. Mwaka ulipotimia, nusu ya wale ambao hawakuwekewa walikuwa wamefariki. Waliowekewa walipungua vifo, na waliobaki hai walisema wenyewe kwamba maisha yao yamekuwa bora: wanatembea, wanapumua, wanalala bila kurundika mito. Kwa hiyo baba yako hakunyang'anywa uzee mtulivu. Kilichokuwa kinamsubiri ni kuanguka tena, na safari hiyo huenda kijana asingekuwa karibu.

Ila ile kauli yake ya kiti, usiipite juu juu. Nimefanya kazi wodi ya upasuaji wa moyo miaka mingi, na nakwambia mzee huyo amesema kwa sentensi mbili kile ambacho sisi wauguzi tulichelewa sana kukielewa.

Namkumbuka mama mmoja mtu mzima, mkaanga samaki. Siku ya kutolewa nyuzi nilimsomea masharti yote: usiinue, usisukume, pumzika, dawa saa hizi na saa hizi. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akaniuliza, "Nitakuna nazi lini?" Nikamjibu, "Bibi, wajukuu watakukunia." Nilidhani nimemfariji. Aliporudi kliniki alikuwa amekonda, kajikunyata kwenye kanga, hajibu maswali. Binti yake ndiye anayemjibia. Picha ya moyo ilikuwa safi kabisa. Daktari mmoja kijana ndiye aliyemuuliza kilichobadilika nyumbani. Yule mama akasema, "Mbuzi yangu wameitupa juu ya dari." Mbuzi ya kukunia nazi. Nilitoka nje nikasimama kidogo kwenye korido, maana lile jibu la wajukuu lilikuwa langu.

Mwanangu, kuna mambo mawili yanayotembea pamoja kwa baba yako, na usiyachanganye.

La kwanza ni mwili. Miezi minne kwa kijana ni mingi, kwa mtu wa miaka 74 bado ni njiani. Kifua chake kilipasuliwa kwa msumeno katikati ya mfupa, damu ikazungushwa na mashine huku moyo umesimamishwa, kisha mfupa ukafungwa kwa waya wa chuma. Mweleze kwa lugha yake: mfupa ule ulibanwa kama ubao kwenye jiriwa, ukisubiri gundi ishike. Gundi ya mfupa huchukua wiki 6 hadi 12. Ndiyo maana mwanzoni walimkataza kubeba ndoo na kujivuta kwa mikono kitandani. Makatazo yale yalikuwa na mwisho, na kwa hesabu yako mwisho umeshapita, isipokuwa kama daktari wake ameona mfupa haujashika. Muulizeni wazi kliniki ijayo: je, kifua kimeunga? Sikia jibu kwa masikio yako, na baba awe amekaa hapo hapo akisikia.

Chakula kukosa ladha, usingizi kugeuka, kusahau majina, machozi ya ghafla kwa jambo dogo, hayo nimeyaona kwa wengi baada ya nusu kaputi ndefu na siku za chumba cha wagonjwa mahututi. Kwa wengi hupungua mwezi baada ya mwezi. Lakini hayo ya kupungua yanapaswa kupungua. Kama mwezi wa nne ni mzito kuliko wa pili, tafuta sababu. Omba apimwe wingi wa damu, maana wazee hutoka kwenye upasuaji huu na upungufu wa damu usioshughulikiwa. Uliza kama kimojawapo cha vile vidonge viwili ni cha kupunguza kasi ya mapigo. Dawa hizo huokoa, lakini dozi ikizidi mahitaji ya mtu humfanya ajisikie amebeba gunia. Msipunguze wenyewe. Daktari ndiye atakayeamua.

La pili ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito. Baada ya upasuaji wa moyo hutokea sana, na kwa wazee wetu hujificha, kwa sababu mzee wa Kitanga hatakwambia "nina huzuni". Atasema chakula hakina chumvi. Muulize maswali mawili, mkiwa peke yenu, bila haraka: katika wiki mbili hizi, ni siku ngapi umejisikia mnyonge au umekata tamaa? Na ni siku ngapi hukuwa na hamu na jambo lolote, hata lile ulilokuwa ukilipenda? Akisema karibu kila siku, huo ni ugonjwa wenye tiba. Kisha muulize hilo neno la "bora mngeniacha". Muulize waziwazi kama anatamani kufa, au amewahi kufikiri kujidhuru. Usiogope kwamba utampandikizia wazo. Kumuuliza humfungulia mlango wa kusema. Akikujibu ndiyo, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na popote atakapopewa dawa ya sonona, mwambieni daktari kwamba anatumia warfarini, kwa sababu baadhi ya dawa hizo zikikutana nayo huongeza hatari ya kuvuja damu.

Sasa nije kwenye orodha ya kaka yako. Najua ameiandika kwa mapenzi, tena akiwa mbali, na aliye mbali huogopa mara mbili. Lakini inamlemaza mzee.

Kutembea ndiyo dawa yenyewe. Valvu mpya imefungua njia, lakini misuli ya miguu na mapafu ililala mwaka mzima wa ugonjwa, na haiamki kwa kukaa barazani. Asubuhi jua halijawa kali, toka naye muende mpaka nguzo ya tatu ya umeme mrudi. Wiki ijayo nguzo ya tano. Awe anaweza kuzungumza huku anatembea. Akishindwa kumaliza sentensi, simameni. Baada ya muda muache aende na mjukuu, halafu mwenyewe na simu mfukoni. Ile safari ya msikitini aliyokuwa akiikatiza mara mbili kushika ukuta, siku atakayoifika bila kusimama ataijua thamani ya kiwanja mlichouza kuliko maneno yako yote ya kumtaka ashukuru. Kama kusujudu bado kunambana kifua, aswali amekaa kwenye kiti, dini imempa ruhusa hiyo.

Mboga za majani mmemwonea. Ni kweli mchicha, kisamvu na matembele yana vitamini K inayovutana na warfarini. Lakini kinachovuruga dawa ni kubadilika ghafla: wiki hii hali kabisa, wiki ijayo sahani mbili kwa siku. Ale kisamvu chake cha nazi kwa kiasi kile kile wiki hadi wiki, na dozi ya dawa itapangwa kufuata chakula chake. Kwa kuwa mmeshamwachisha, mrudishieni kidogo kidogo, kliniki wajue, na kipimo cha damu, kile cha INR, kirudiwe mapema. Kwa mtu kama yeye mara nyingi hutakiwa isome kati ya 2 na 3. Ikiwa chini sana damu inaganda, ikiwa juu sana inavuja. Kila majibu yaandikeni kwenye daftari moja, na tarehe.

Hatari kubwa ipo mahali ambapo kaka hakuigusa kabisa: duka la dawa. Mzee akiumwa tumbo mtu atamnunulia Flagyl. Akikohoa, Septrin. Mgongo ukimuuma, diklofenaki, pengine na sindano ya makalio. Flagyl na Septrin hupandisha nguvu ya warfarini kwa kasi ya kutisha, diklofenaki hutoboa tumbo na kulivujisha damu, na sindano ya kwenye msuli huweza kumwachia bonge la damu ndani ya nyama. Maumivu ya kawaida, panadol kwa kiasi. Unga wa mlonge na dawa nyingine za asili, asianze bila kliniki kujua. Hili ndilo la kuandika kwa herufi kubwa kwenye kundi la WhatsApp, mliweke juu kabisa.

Lingine ni homa. Sisi tukisikia homa tunakimbilia mseto, dawa ya malaria. Kwa mtu mwenye valvu ya kupandikizwa, homa inaweza kuwa wadudu wameingia kwenye damu na kutua kwenye valvu, na hiyo huua. Apimwe malaria, sawa, lakini apelekwe hospitali na mseme neno hili mlangoni: ana valvu ya moyo ya kupandikizwa, achukuliwe damu ya kuotesha wadudu kabla ya kupewa antibiotiki yoyote. Mkimpa amoksilini nyumbani kwanza, wadudu watajificha na kipimo hakitawaona. Njia yao moja kubwa ni kinywa, kwa hiyo meno yapigwe mswaki kila siku, na kabla ya kung'oa jino lolote daktari wa meno aambiwe ili ampe antibiotiki ya kinga muda mfupi kabla.

Akivimba miguu, akiongezeka kilo 2 ndani ya siku mbili tatu, akianza tena kuhitaji mito mirefu, akipata choo cheusi kama lami, mdomo ukienda upande au mkono ukakosa nguvu ghafla, siku hiyo hiyo hospitali, usiku au mchana.

Mama yako mrudisheni chumbani kwake. Leo. Watu waliolala kitanda kimoja miaka yote hiyo, yeye akijua namna mume wake anavyopumua, mkamtenga katika miezi ambayo mzee halali usiku na hana wa kumnong'oneza hofu yake! Mimi hilo limeniuma kuliko yote uliyoandika. Na yale mambo yao ya chumbani, kwa kuwa najua hakuna mtoto atakayeuliza, niseme mimi: mtu anayetembea kwa kasi kidogo au kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kukosa pumzi, moyo wake unayamudu. Baba akitaka uhakika, mpe nafasi akae na daktari wanaume wawili, wewe usubiri nje.

Imebaki karakana. Hapa sitakudanganya, hofu yako ina msingi. Mtu wa warfarini akijikata kwa patasi, damu haikatiki upesi. Lakini useremala si patasi tu. Kupima ubao, kuchagua mninga usio na ufa, kupiga msasa, kumkosoa kijana kwamba komeo limekaa upande. Hayo yote anayaweza wiki hii. Randa irudi polepole baada ya daktari kuthibitisha kifua kimeunga, mbao nyepesi kwanza, dakika chache. Msumeno wa umeme uwe wa vijana moja kwa moja, na mwambieni sababu kama mnavyomwambia mtu mzima, si kwa kumfichia swichi. Wekeni pamba, bandeji na kitambaa safi ukutani. Akijikata, bonyeza kwa nguvu dakika kumi bila kuchungulia. Ikiendelea kutoka, hospitali.

Hata asiporudi kuunda kitanda kizima, kijana wake bado hajamaliza kujifunza. Kazi ya kumfundisha haihitaji kuinua kitu.

Fanya hivi mwanangu. Kabla hujamwambia lolote kaka yako, kaa na baba barazani umuulize: "Ulipokubali kupasuliwa, ulitaka kurudi kufanya nini?" Halafu nyamaza, hata akichukua muda. Atakachokitaja kiandike ukurasa wa kwanza wa lile daftari, juu ya namba za INR, umwonyeshe daktari siku ya kliniki, muulize kifanyike vipi na lini. Valvu ya ng'ombe kwa mtu wa umri wake mara nyingi hudumu miaka 10 na zaidi. Ni miaka mingi sana ya kukaa barazani.

Akitaja karakana, mpe ufunguo mkononi mwake. Usimfungulie wewe.

Niandikie baada ya kliniki uniambie INR imesoma ngapi, mzee amejibu nini yale maswali mawili, na mmefika nguzo ya ngapi.

Mama Muuguzi